Deira au Marina: Mahali pa Kufikia Dubai

Baada ya kulala siku nne Deira na tatu Dubai Marina, ningemshauri anayekwenda Dubai kwa mara ya kwanza afikie Deira, hasa iwapo nia yake ni kununua bidhaa na kuujua mji wa zamani. Hoteli yangu ilikuwa ya kawaida, yenye chumba kidogo na kiyoyozi cha kelele, lakini ilikuwa jirani na kituo cha Union, ambako njia mbili za metro, Nyekundu na Kijani, hukutana. Na katika mji ambao joto la Julai hupita nyuzi 40, umbali wa kutembea hadi kituoni una uzito kuliko idadi ya nyota za hoteli. Soko la dhahabu haliko mbali, na abra, mashua ndogo za abiria, huvusha watu hori la Dubai kwa dirhamu 1 tu.

Marina ina ufuo na mandhari ya minara, ila kwa wanunuzi ni mbali. Kabla ya kulipa, uliza kuhusu ada ya utalii, dirhamu 7 hadi 20 kwa chumba kila usiku kulingana na daraja la hoteli. Mimi niliigundua mapokezini.