Dodoso la Copenhagen la kupima uchovu wa kazi: la bure, la wazi, na lisilomfaa mwajiri asiyetaka kugusa ratiba

Maafisa rasilimali watu wengi hupata habari za uchovu uliokithiri wa kazi wakiwa wamechelewa, yaani pale mfanyakazi anapoleta barua ya kuacha kazi, au anapoanza kuwasilisha ED (karatasi ya daktari ya kumpumzisha kazini) kutoka hospitali kila baada ya wiki chache kwa maradhi yasiyoeleweka vizuri. Dodoso la Copenhagen, ambalo nimelitumia katika kampuni yenye kituo cha simu cha huduma kwa wateja na idara ya fedha isiyolala kila mwisho wa mwezi, humwezesha mwajiri kuliona tatizo hilo mapema zaidi, tena kwa gharama ya karatasi na muda wa kuhesabu alama. Nalipendekeza kwa taasisi yoyote, isipokuwa ile ambayo uongozi wake umeshaamua kwamba ratiba na idadi ya watumishi havitaguswa, kwa kuwa kumuuliza mtu kama amechoka na kisha kumwacha vilevile ni kumwongezea sababu ya kuondoka.

Dodoso hili lilitungwa nchini Denmark na watafiti walioongozwa na Tage Kristensen, na makala yake ya msingi ilitoka mwaka 2005. Lina maswali 19 na hutumika bila kulipia leseni, jambo linalolitofautisha na kipimo maarufu zaidi cha Christina Maslach na Susan Jackson cha mwaka 1981, chenye maswali 22, ambacho huuzwa kwa kila nakala inayotumika. Kwa shirika kubwa gharama hiyo si kitu, lakini kwa shule, zahanati au kampuni ya watu mia moja ni sababu tosha ya kuahirisha upimaji hadi bajeti ya mwaka ujao, na mwaka ujao nao ukaahirishwa.

Ubora wake mkubwa umo katika namna maswali yalivyogawanywa. Sehemu ya kwanza, yenye maswali sita, huuliza hali ya mtu kwa jumla bila kutaja kazi: anachoka mara ngapi, mwili wake umeishiwa nguvu kiasi gani, ni mara ngapi hujiambia kwamba hawezi tena kuendelea. Sehemu ya pili, yenye maswali saba, huuliza uchovu anaouhusisha yeye mwenyewe na kazi, kwa mfano kama akiamka asubuhi huchoshwa na wazo tu la siku nyingine kazini. Sehemu ya tatu, yenye maswali sita, huhusu watu anaowahudumia, na watungaji wenyewe wameruhusu neno “wateja” libadilishwe kuwa wagonjwa, wanafunzi au wafungwa kulingana na kazi yenyewe. Kila jibu hupewa alama kati ya 0 na 100 kwa hatua za 25, alama kubwa ikimaanisha uchovu mkubwa, kisha hutafutwa wastani wa kila sehemu. Anayehesabu awe makini na swali moja la sehemu ya pili, linalouliza kama mtu hubakiwa na nguvu za kukaa na familia na marafiki baada ya kazi, kwani alama zake huhesabiwa kinyume. Asipozigeuza, mwenye nguvu ndiye atakayeonekana hoi.

Mgawanyo huo ulitusaidia pale ambapo sote tulidhani jibu tunalijua. Uongozi ulikuwa umeshakubaliana kwamba kinachowamaliza wahudumu wa kituo cha simu ni wateja wenyewe, hasa yule aliyekosea namba akatuma fedha kwa asiyemfahamu na sasa anataka zirudi papo hapo, na tayari ilikuwa imeandaliwa semina ya kuwafundisha wahudumu namna ya kuzungumza na mtu mwenye hasira. Majibu yaliporudi, alama za sehemu ya wateja zilikuwa za wastani, ilhali zile za sehemu ya kazi zilikuwa juu sana. Tulipokaa na wahudumu kwa mazungumzo, walieleza mambo mawili ambayo hakuna semina ingeyatibu. La kwanza, mfumo uliwapelekea simu nyingine kabla hawajamaliza kuandika maelezo ya ile iliyotangulia, kwa hiyo maelezo yaliandikwa huku mteja mpya akisubiri na kusonya sikioni. La pili, ratiba ya zamu ilibandikwa Jumamosi jioni kwa wiki inayoanza Jumatatu, na mtu aliyetoka saa nne usiku aliweza kupangwa kuingia saa moja asubuhi. Katikati ya saa hizo tisa alitakiwa kupata daladala, kula, kulala na kupata daladala nyingine. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inataka mapumziko ya angalau saa 12 mfululizo kati ya siku moja ya kazi na nyingine, kwa hiyo uchovu ule ulikuwa na chanzo kilichokuwa kimebandikwa ukutani, mbele ya macho yetu sote.

Semina iliahirishwa, zamu zikapangwa upya na kutangazwa mapema, na mfumo ukawekewa mwanya mfupi kati ya simu na simu. Wahudumu walipojaza dodoso tena baada ya miezi kadhaa, alama za sehemu ya kazi zilishuka, ingawa si kwa kiasi nilichotarajia, nami naamini kilichobaki ni upungufu wa watu, ambao hauponywi kwa kupanga ratiba.

Idara ya fedha ilikuwa habari nyingine. Wahasibu ni watu wa kufa na tai shingoni, na katika awamu ya kwanza karibu wote walijibu “mara chache” kuanzia juu hadi chini, huku mkuu wao akipita kati ya meza kukusanya karatasi. Watungaji wa dodoso wameshauri maswali yachanganywe na mengine ili watu wasijibu kwa mkumbo, na ushauri huo una maana, lakini hakuna mpangilio wa maswali utakaomshinda bosi aliyesimama nyuma ya kiti. Awamu iliyofuata karatasi zilikwenda kwenye sanduku lililofungwa, bila jina wala cheo, na picha ikabadilika. Hapo ndipo tulipokagua saa za ziada, ambazo sheria hiyohiyo inaziwekea ukomo wa 50 katika kila mzunguko wa wiki nne, pamoja na likizo ya siku 28 ambayo baadhi yao walikuwa wakiiahirisha kila hesabu zilipokaribia kufungwa.

Kasoro zake zipo. Shirika la Afya Duniani, katika uainishaji wa magonjwa uliopitishwa mwaka 2019, limeueleza uchovu huu kuwa hali inayotokana na msongo sugu wa kazini usiodhibitiwa, na si ugonjwa, likautambulisha kwa mambo matatu: kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi kimawazo au kuidharau, na kuona kwamba ufanisi umeshuka. Dodoso la Copenhagen limejikita katika la kwanza. Mfanyakazi ambaye hachoki kwa sababu ameshaacha kujali, anayemjibu mgonjwa bila kumtazama na kuondoka saa yake ikifika, anaweza kupata alama nzuri kabisa, na hapo kipimo cha Maslach ndicho kitakachomwona. Vilevile, sehemu ya kwanza hubeba kila kitu: mama mwenye mtoto mchanga, mtu aliyetoka kuugua malaria, na mwenye sonona ambayo haina uhusiano wowote na ofisi. Alama ya 50, ambayo wengi huichukua kuwa mpaka wa hatari, si cheti cha daktari, na afisa rasilimali watu hana mamlaka ya kumwambia mtu kwamba anaumwa. Penye sehemu ya kwanza iliyo juu na ya pili iliyo chini, kilicho sahihi ni kuwatangazia watumishi wote njia ya kumfikia mshauri nasaha au daktari kwa faragha.

Atakayelitumia asitoe matokeo ya kitengo chenye watu wanne au watano peke yake, kwa kuwa kila mmoja atamjua aliyejibu nini. Akiunganishe na kitengo kinachofanana nacho. Aidha, asiligawe katika wiki ya kufunga hesabu, isipokuwa kama ni wiki hiyo hasa anayotaka kuipima, na katika hali hiyo aligawe tena wiki mbili baadaye ili apate cha kulinganisha.