Albamu ya Cartoon Darkness ya Amyl and the Sniffers: nyota nne. Duka lililoniuzia: hata nusu haipati

Jina la duka silitaji, maana hata kusemwa vibaya nako ni kutangazwa. Liko Melbourne, upande wa kaskazini wa mji, wapenda santuri wanakwenda sana. Wenye kujua watajua.

Mimi si mtu wa roki. Nimekulia Tanga, nyumba yetu taarab tu, mama akipika Khadija Kopa yuko redioni, mama akifua Khadija Kopa yuko redioni. Haya makelele ya magitaa nimeyakuta huku ughaibuni, tena shoga yangu mmoja wa Mombasa ndiye aliyenionyesha kwenye simu Amy Taylor, mwimbaji wa Amyl and the Sniffers, bendi ya punki (roki ya kasi na makelele) ya huku Australia: msichana wa nywele za rangi ya dhahabu, anaruka jukwaani kama aliyekanyaga kaa la moto, anaimba kwa lafudhi ya Kiaustralia ile nzito ambayo mimi mpaka leo inanipiga chenga benki. Nikampenda palepale. Albamu yao ya tatu, hii Cartoon Darkness, ilipotoka, mwishoni mwa 2024, nikasema hii siisikilizi kwenye simu, nainunua santuri kabisa, iwe yangu.

Basi nikaingia dukani. Kijana wa kaunta, masharubu, fulana ya bendi ya roki ya Nirvana, hata salamu hakunipa. "Muziki wa Afrika uko kule nyuma." Jamani, nimekuuliza? Nikamtajia ninachotaka. Akaniangalia juu mpaka chini. "Unamnunulia mtu?" Nikamwambia najinunulia mwenyewe. Akacheka kidogo, kile kicheko cha puani, kisha akaanza kunifanyia usaili: unajua hii ni punki? Za mwanzo umezisikia? Ile ya kwanza kabisa unaijua inaitwaje?

Inaitwa Giddy Up, ya 2016, waliitunga na kuirekodi wenyewe nyumbani kwao humuhumu Melbourne, kazi ya siku moja. Naijua. Sikumjibu. Kwa nini nimjibu? Mtu akienda kununua sembe anaulizwa historia ya mahindi? Nilitoa kadi, nikalipa, risiti akanisukumia kwa kidole kimoja. Na dukani mle, nilipogeuka, nikaona ni wanaume watupu, wamejiinamia kwenye masanduku ya santuri, hakuna aliyenyanyua uso.

Nilifika nyumbani nimefura. Nikaiweka santuri, na kusema kweli, mara ile ya kwanza niliichukia. "Jerkin'" inaanza kwa matusi, na mimi matusi siku ile nilikuwa nayo ya kutosha. Sauti ya Amy ikanikwaruza. Nyimbo 13 ndani ya nusu saa na dakika chache, nikaona nimelipia pesa nyingi kugombezwa. Kwa hasira zile nilikuwa tayari kuandika nyota mbili.

Hizo nyota mbili zilidumu mpaka "U Should Not Be Doing That".

Sikilizeni. Ule ni mpasho. Mimi niliyelelewa na mipasho siwezi kuukosea. Mwanamke yuko Los Angeles anajitingisha zake, huku nyuma Melbourne kuna mtu kazi yake kusema hili usifanye, lile halikufai. Naye hajitetei wala haombi ruhusa. Anamrudishia maneno yake yaleyale, mara kwa mara, mpaka msemaji anabaki uchi. Besi ya Gus Romer inatembea kwa madaha, haina haraka, na juu yake kijembe kimoja baada ya kingine. Ingekuwa harusi ya Tanga ningesimama kwenda kutunza! Niliurudia huo wimbo mpaka jirani akagonga ukuta.

Baada ya hapo albamu nzima ikageuka mbele yangu. "Tiny Bikini", ambayo mara ya kwanza niliiona upuuzi, ni ya mwanamke aliye peke yake kwenye chumba kilichojaa wanaume, na badala ya kujikunyata anazidi kujionyesha. Na ndivyo alivyo kwenye bendi yenyewe: Romer kwenye besi, Declan Mehrtens kwenye gitaa, Bryce Wilson kwenye dramu, wote wanaume, na hakuna mwenye shaka nani anaongoza. "Big Dreams" ni ya polepole, ya mtu mwenye ndoto kubwa kuliko mji alipo. Sisi tuliohama makwetu hatuhitaji kufafanuliwa hiyo.

Tena hili ndilo lililonichekesha mpaka chozi. Walirekodia Los Angeles, Studio 606, ile ya bendi ya Foo Fighters, na mtayarishaji Nick Launay. Studio hiyo ndiko ilikohamishiwa ile meza ya kuchanganyia sauti iliyorekodi Nevermind, albamu ya Nirvana. Kwa hiyo fulana aliyovaa yule bwana na santuri aliyoona si saizi yangu vina asili ya meza moja! Mtahini wangu alijua hilo? Sidhani. Ningemuuliza, lakini mimi nililelewa.

Nikapanda mpaka nyota tano. Halafu nikashuka moja, maana haki ni haki: "It's Mine" na "Motorbike Song" zinapita mbio na haziachi kitu, na albamu yao ya Comfort to Me ya 2021 naona bado ina gitaa tamu zaidi. Pia kuna siku sijui kama naipenda albamu hii au naupenda tu ule wimbo mmoja kwa sababu ya yule mshenzi. Ningeinunulia duka jingine, kwa mtu mwenye adabu, ningeiona hivi? Labda ingekuwa tatu na nusu. Lakini sikuinunulia duka jingine, kwa hiyo nne, na msinibishie. Wenye wazazi nyumbani tumieni visikilizi vya masikioni, hilo tu.

Malalamiko niliyapeleka kwa barua pepe, kwa utulivu, kwa Kiingereza kilichonyooka. Wamenijibu juzi: wanasikitika kwa namna nilivyojisikia. Eti nilivyojisikia! Yaani kosa ni la moyo wangu, mdomo wa mtu wao umepona. Chini yake wameniwekea punguzo la asilimia 10 kwa manunuzi yangu yajayo dukani kwao. Yajayo! Shoga yangu aliposoma akaniambia, "Wacha weye, wakupe bure na usiende." Santuri ijayo naagiza kwa bendi yenyewe, hata nauli ya kuituma ikizidi bei ya mzigo.