Uzoefu wangu wa fiziotherapia Kampala: nilidhani nakwenda kukandwa

Nilianguka na boda pale Bwaise nikitoka dukani kurudi Bombo, mfupa wa muundi ukapasuka karibu na goti. Wiki sita za plasta. Ilipokatwa, paja lilikuwa limenywea utadhani si langu, na goti limekaza kama bawaba yenye kutu. Daktari wa mifupa akaniandikia fiziotherapia.

Kliniki ya kwanza siitaji. Shilingi 50,000 kila nikienda: unalala, unamulikwa taa ya joto, kijana anakukanda huku anaongea na simu. Raha yake siikatai, mara mbili nilipitiwa na usingizi. Ila nilikwenda mara sita na goti lilibaki vilevile, wala hakuna aliyelipima. Huku Uganda mtu wa fizio anatakiwa asajiliwe na baraza la taaluma yake, kwa sheria ya mwaka 1996. Ulizeni cheti. Pale ukutani kulikuwa na kalenda tu.

Nikahamia hospitali moja ya misheni, 30,000. Binti aliyenipokea hakugusa goti kwanza. Aliuliza: "Hajji, choo cha nyumbani ni cha kukaa au cha kuchutama?" (Makka sijafika, lakini Kampala ukivaa kofia umeshakuwa Hajji.) Nikaona haya, nikasema cha shimo. Akauliza nasali vipi. Nikamwambia tangu ajali nasalia kwenye kiti. Akaandika yote mawili, kisha akalipima goti kwa kipimo cha pembe: digrii 70. Kukaa kitini tu kunataka kama 90, na goti zima hukunja zaidi ya 130. "Sijda iko mbali, lakini ndiko tunakokwenda."

Mafuta sikuyaona. Nilipewa kazi. Unakaa sakafuni, unaweka kaveera (mfuko wa plastiki) chini ya kisigino kiteleze kwenye simenti, unakivuta taratibu kuelekea makalioni, unashikilia, unarudisha. Mara kumi, asubuhi, mchana na jioni. Halafu taulo iliyokunjwa chini ya goti, unaikandamiza ukihesabu hadi tano, kuuamsha msuli wa paja. Mama watoto alikuwa akinihesabia kutoka jikoni, na nadhani alikuwa akiruka namba makusudi.

Inauma, nisiwadanganye. Alinieleza kwamba maumivu ya kuvutika yanayotulia baada ya muda mfupi hayana neno. Goti likivimba mpaka kesho yake, nimezidisha. Ngazi za soko la Kisekka nazo alinifundisha: kupanda, mguu mzima utangulie, kushuka, mgonjwa utangulie.

Wiki moja nikategea, biashara ilikuwa imechangamka. Nikaenda na uso mkavu nikasema nimefanya yote. Akapima: 95, ileile ya wiki iliyopita. "Hajji, kaveera imepumzika wiki hii." Sikurudia.

Lawama yangu ni foleni. Unaambiwa saa mbili asubuhi, unaonwa saa tano, na benchi lenyewe ni fupi kwa mtu asiyekunja mguu.

Sasa ni mwezi wa nne wa mazoezi, niko 120. Chooni nachutama nikishika mlango. Sijda nimerudi chini, na mto mdogo kati ya paja na kisigino ninapokaa; binti anasema mto nao utaondoka. Nyota nne. Ya tano imeliwa na foleni.