Mhadhara wa Jioni Mjini Kigoma Kabla ya Safari ya Gombe

Kampuni ndogo ya kuongoza wageni iliyotupeleka Gombe, hifadhi ya sokwe kando ya Ziwa Tanganyika, huwaandalia wateja wake mhadhara wa jioni mjini Kigoma kabla ya kupanda boti, na kwa maoni yangu mhadhara huo peke yake unastahili nusu ya malipo. Mwongozaji hakuanza na sifa za sokwe, ambazo wengi tumezisikia tangu mtafiti wa sokwe Jane Goodall alipofika Gombe mwaka 1960. Alimlinganisha sokwe na lamprei, samaki asiye na taya, mwenye umbo la mkunga na mdomo wa duara uliojaa meno, ambaye jamii yake imekuwapo duniani kwa zaidi ya miaka milioni 300.

Sehemu iliyonigusa zaidi ilihusu uzazi. Sokwe jike huzaa mtoto mmoja kila baada ya miaka mitano hivi, ndiyo maana mafua ya mgeni mmoja, yakiwaambukiza na kuwaua, yanaweza kuleta pengo lisilozibika upesi. Lamprei wa Pasifiki hutaga mayai 100,000 au zaidi kisha hufa, na mtu angedhani kiumbe huyo hawezi kwisha. Lakini katika mto Columbia, huko Marekani, mabwawa ya umeme yamemzibia njia ya kwenda kutaga. Hata ngazi za maji zilizojengwa ili samaki aina ya samoni wavuke mabwawa humshinda, kwa kuwa yeye hupanda kwa kujibandika ukutani kwa mdomo, na afikapo kwenye kona kali hubanduka, mkondo ukamrudisha chini. Kona zikiviringishwa, wengi zaidi hupita. Ombi la mwaka 2003 la kumpa ulinzi wa sheria ya Marekani lilikataliwa, ilhali mwaka 2015 sheria hiyohiyo iliwatambua sokwe wote, hata walio kifungoni, kuwa hatarini kutoweka. Sokwe anastahili ulinzi huo kikamilifu; ninachosikitikia ni lamprei kukosa wa kumtetea.

Picha zilionyeshwa kwenye kompyuta ndogo, hivyo waliokaa nyuma hawakuziona vizuri. Aidha, mzungumzaji hakutaja tope linaloshuka Ziwa Tanganyika kutoka milima iliyokatwa miti na kufunika miamba wanamozaliana samaki wetu, ingawa mada ilimfikisha hapo.

Huko Gombe waongozaji walisimamia vizuri uvaaji wa barakoa na umbali kati yetu na sokwe. Anayetaka mhadhara aombe mapema, kwani wanaofika Kigoma asubuhi na kuondoka siku hiyohiyo hawaupati.