Maua ya kupaka rangi: nilifuata utulivu, nikarudi na presha

Niseme hili kabla sijapandwa na hasira: kurasa zenyewe za maua ni nzuri. Kama una printa nyumbani, ishia hapa, nenda ukapake rangi zako kwa amani. Yanayofuata ni ya sisi ambao printa yetu iko kwenye saiba ya mtu.

Kazi yangu ni kupokea malalamiko ya wateja kutwa nzima, kwa hiyo mteja msumbufu namjua hata akiwa bado yuko mlangoni. Siku ile niliyokwenda saiba, msumbufu hakuwa mimi.

Binti ya dada yangu ndiye aliyeniingiza kwenye mambo haya. Alinitumia waridi kwa WhatsApp, mistari mitupu bila rangi, akaandika, "Anti, jaribu hii badala ya kukodolea simu usiku." Nikacheka, nikajaribu, nikanaswa. Waridi lina utamu wake. Unatandaza kwanza rangi hafifu kwenye petali zote, mkono mwepesi kabisa, halafu unarudia pale petali inapojificha chini ya mwenzake, unarudia tena, mpaka kule katikati wekundu unakaribia kuwa weusi. Ukikandamiza penseli mapema, nta inajaa, karatasi inang'aa, na rangi ya pili inakataa kushika. Kwa hiyo unalazimika kwenda polepole. Hapo ndipo kichwa kinapopoa, angalau changu.

Basi nikapakua maua yangu 12 kutoka mtandaoni. Bure, kwa matumizi ya nyumbani. Tulipu zilikuwa nyingi kupita kiasi, jakaranda hakuna hata moja, na hilo linaniuma kwa sababu ikifika Oktoba barabara zetu hapa Nakuru ni zambarau tupu. Lakini kulikuwa na alizeti moja kubwa, mawaridi kadhaa, na deizi ambayo mtu yeyote aliyekulia upande wa Molo angeiita pareto bila kuulizwa: petali nyeupe, jicho la manjano. Hiyo ndiyo niliyokuwa naitaka kuliko zote. Ua jeupe ni mtihani. Hupaki weupe, unapaka kivuli, buluu na kijivu kidogo sana kwenye mizizi ya petali, na karatasi yenyewe inamaliza kazi.

Nikaenda saiba moja katikati ya jiji. (Ndiyo, jiji, tangu Desemba 2021. Huduma zingine hazijapata habari.) Ulikuwa ule wakati wa ritani za kodi za KRA, watu wote wamekumbuka pamoja kwamba mwisho ni tarehe 30 Juni, foleni mpaka nje. Nikapanga laini kama wengine. Nilipofika, kijana wa kwenye mashine akafungua faili, akaitazama, akanitazama.

"Mathe, si hizi ni za mtoto wa PP1?"

"Ni zangu."

Akamgeukia mwenzake. "Eti ni zake." Wakacheka. Na mtu mmoja nyuma yangu kwenye foleni naye akacheka, mwenye fomu zake za KRA mkononi, kana kwamba yeye ndiye alikuwa kwenye starehe.

Kwa taarifa yao, mwaka 2005 watafiti wawili wa Marekani, Nancy Curry na Tim Kasser, waliwachukua wanafunzi 84 wa chuo, wakawatia wasiwasi kidogo kwa makusudi, kisha wakawagawa: wengine wapake mchoro wa duara wenye mpangilio, wengine mchoro wa mirabaraba, wengine wapewe karatasi tupu wachore wanachotaka. Wasiwasi ulishuka kwa waliopewa michoro. Wa karatasi tupu hawakupata nafuu yoyote ya maana. Watu wazima hao, si PP1. Lakini utaanzia wapi kumweleza hayo mtu anayekuambia, "Tuma kwa tili kwanza, mathe, kuna watu wanangoja"?

Nikatuma. Shilingi 10 kila ukurasa, 120 jumla. Nikamwomba jambo moja, kwa adabu, maana nimeshaumwa na nyoka huyu: faili nyingi za maua zimetengenezwa kwa karatasi ya Kimarekani, ile Letter, ambayo upana wake ni milimita 216. A4 yetu ni milimita 210. Ukichapisha ilivyo, pembeni panakatwa. Nikamwambia, "Kijana wangu, bonyeza pale pa kutoshea ukurasa kabla hujachapisha."

"Mashine inajua."

Mashine haikujua. Alizeti ikatoka imekatwa petali kushoto na kulia kama iliyopitishwa kwenye panga. Lakini hilo ningelimeza. Naapa ningelimeza. Nilizichukua zile karatasi zikiwa bado na joto la printa, nikaona fungu ni jembamba, nikageuza ya kwanza.

Mgongoni kulikuwa na ua lingine.

Nikageuza ya pili. Vilevile. Alikuwa amechapisha pande mbili! Maua 12 kwenye karatasi sita, karatasi laini za kopi za gramu 80, zile ambazo ukizinyanyua kwenye mwanga unaona mkono wako upande wa pili. Na ile pareto yangu, ile niliyoifungia safari, iko mgongoni mwa waridi. Nikipaka waridi kwa kalamu za majimaji, wekundu unapenya na kutoa pareto madoa ya damu. Nikitumia penseli, kila nilipokandamiza panaacha mfereji upande wa pili, na tona ya chini, ule wino wa unga wa mashine, inaachia weusi kwenye karatasi niliyotandika. Maana yake kila karatasi imekuwa na kesi: nichague nani aishi.

"Kwa nini umepiga pande mbili?"

"Ili usipoteze karatasi, mathe. Si ni kuchora tu?"

Hebu tufanye hesabu pamoja. Kama ni kuokoa karatasi, karatasi sita zilizookolewa zilibaki kwa nani? Mimi nimelipia kurasa 12 kwa bei kamili. Nikamuuliza hivyo hivyo. Akasema bei ni ya kurasa, si ya karatasi. Nikamwomba arudie, akasema pesa ikishaingia kwa tili hairudi. Sikuomba pesa! Niliomba karatasi! Mwenye duka alikuwa pale pale, anasikia, anahesabu chenji, hakuinua hata kichwa. Angekuwa mtu ameleta nakala ya hati ya shamba ikakatwa pembeni, pangewaka moto. Mama wa maua anaambiwa "si ni kuchora tu".

Nimejaribu kwingine, msidhani sijajaribu. Kuna mahali mtaani kwetu pana binti mwenye heshima zake, anauliza upande mmoja au miwili kabla hujafungua mdomo, na hata ana karatasi nzito za gramu 160. Nilikaribia kumwimbia sifa hapa. Ila printa yake ni ya wino wa maji. Ukipitisha kalamu ya majimaji juu ya mstari, mstari unayeyuka na kuingia kwenye rangi, waridi jekundu linaota masharubu meusi. Kwa penseli hazina shida, nikubali. Lakini mimi na kalamu zangu za majimaji tumetoka mbali, na ya tona ndiyo inayozivumilia. Na nani mwenye tona safi, mistari myembamba kama uzi, nyeusi tii? Yule yule. Mashine yake ni nzuri. Inaudhi jinsi ilivyo nzuri.

Kwa hiyo nikiulizwa kuhusu kurasa za maua, nilikuwa nimepanga kutoa nyota nne: moja imekwenda na tulipu. Saiba nilikuwa nimepanga kuipa sifuri. Halafu nikaangalia lile waridi la upande wa juu, ambalo nimelimaliza juzi, na mistari yake haijatikisika hata kidogo, nikasema labda mbili. Halafu nikaligeuza nikaona pareto yangu ilivyotapakaa madoa.

Moja. Na hiyo moja ni ya mashine, si ya mtu yeyote anayeigusa.

Nitarudi kwake, mnajua nitarudi, lakini safari hii nitabeba karatasi zangu za gramu 160 kutoka nyumbani, nitasimama nyuma ya bega lake mpaka ukurasa wa mwisho utoke, na pesa ya tili ataiona nikishageuza kila moja. Akiniita mathe, nitamjibu. Akisema mashine inajua, watu wa ritani watangoja.