Mvinyo wa Mezani: Chupa Ninazozipanga Juu, na Joto la Duka Linaloziharibu

Tangu sikukuu zipite, malalamiko yanayonifikia yanafanana. Msomaji wa Tabata alinunua nyekundu ya Afrika Kusini kwa chakula cha Krismasi, akaifungua mbele ya wakwe zake, ikanuka zabibu kavu zilizochemshwa. Mwingine wa Kinondoni anasema nyeupe yake ilitoka na rangi ya chai ya mkandaa na uchachu wa siki. Dada mmoja wa Mombasa ameapa hatagusa tena mvinyo wa kampuni iliyotengeneza chupa yake. Wote wanataka niwatajie chupa nzuri ya kunywa na chakula, na nitawatajia, tena kwa mpangilio. Ila kabla ya hapo kila mmoja nimemuuliza swali moja: ile chupa ilikuwa imekaa wapi dukani? Dirishani. Rafu ya juu, chini ya taa. Juu ya friji la soda.

Basi mvinyo wao uliharibikia hapo, na aliyeutengeneza hana kosa.

Sitawapangia kwa bei, mwaka wa mavuno wala asilimia ya kilevi. Hayo yameandikwa kwenye chupa au kwenye rafu, kila mtu anaweza kujisomea. Kisichoandikwa popote ni joto ambalo chupa imelipitia tangu itoke kiwandani, na kwa sisi tunaoishi Dar, Tanga, Mombasa au Unguja, hilo ndilo linaloamua kama utakunywa au utamwaga kwenye sinki. Mvinyo unapenda kulala mahali penye nyuzi 12 hadi 15 hivi. Kwenye 25 unazeeka mbio. Ukikaa juu ya 30 siku nyingi, harufu ya matunda inaondoka na kubaki harufu ya jamu iliyoungua. Sasa fikiria Dar kati ya Desemba na Machi, mchana unapita nyuzi 30 karibu kila siku, na duka lenye kiyoyozi linakizima mara tu mlango unapofungwa. Ikija siku ambayo duka halifunguliwi, chupa zinashinda kwenye tanuri.

Na kupanda na kushuka kwa joto nako ni kubaya. Mvinyo ukipata moto unatanuka na kukisukuma kizibo kwa ndani. Ukipoa unasinyaa na kuvuta hewa. Ukirudia hivyo wiki baada ya wiki, hewa inayoingia inageuza rangi kuwa ya kahawia na kuwapa nafasi bakteria wanaotengeneza siki. Chupa iliyosimama wima miezi mingi hali yake ni mbaya zaidi, kwa sababu kizibo kinakauka na kulegea.

Kwa hiyo ukiingia dukani, anza kwa kuishika chupa mabegani kwa kiganja chote. Usipohisi ubaridi wowote, irudishe. Halafu tazama shingo. Kizibo kilichochomoza hata kwa unene wa shilingi, kikainua karatasi inayokifunika, kinakuambia kwamba mvinyo ulishapata moto. Vivyo hivyo unapokuta unyevu unaonata chini ya ile karatasi. Panga chupa tatu za aina moja upande kwa upande, uone kimo cha mvinyo shingoni. Iliyo chini ya wenzake imevuja. Nyeupe uiinue kwenye mwanga: rangi ya majani makavu ni sawa, rangi ya asali iliyokoza kwa mvinyo wa mwaka juzi si sawa. Na kama nyeupe au ya waridi imo kwenye kioo kisicho na rangi, na imekaa dirishani, usiiguse kabisa. Mwanga peke yake unatosha kuiletea harufu ya kabichi iliyochemka.

Chukua chupa ya rafu ya chini, ya nyuma. Bora zaidi, muulize mwenye duka kama ana katoni ambayo haijafunguliwa stoo, sakafuni. Atakuangalia vibaya. Mwache akuangalie.

Stempu ya TRA iskani kwa programu ya Hakiki Stempu, inakukinga na bidhaa za magendo na feki. Lakini stempu inaeleza kodi tu. Chupa halali inaweza kuwa imeiva vizuri sana juani.

Ya kwanza kwenye orodha yangu ni nyekundu kavu, yaani isiyo tamu, ya Cetawico, kutoka Hombolo, Dodoma. Naipendelea, na sioni sababu ya kuficha. Kwanza kabisa, haijapita baharini. Haijakaa kwenye kontena bandarini ikisubiri nyaraka huku bati linawaka. Imetoka Hombolo, ikapakiwa, ikashuka. Pili, zabibu. Dodoma wana aina ya kwao inayojulikana kwa jina la Makutupora, na wana Aglianico, ambayo asili yake ni kusini mwa Italia, Campania na Basilicata. Aglianico ni zabibu ngumu. Inachelewa kuiva, ina ukakasi mwingi unaokamata fizi, na hata ikiiva kwenye jua kali haipotezi uchachu wake. Kwa hali ya hewa yetu sioni zabibu inayotufaa kuliko hiyo.

Zabibu Dodoma zilianza na wamisionari wa Kiitaliano, kule Bihawana, miaka ya 1950. Waliona nchi kame, iliyo mita zaidi ya 1,000 juu ya usawa wa bahari, mchana jua, usiku baridi, mvua chache zinazokuja msimu mmoja, wakajua wanatazama nini. Ulaya mzabibu unavunwa mara moja kwa mwaka. Dodoma unavunwa mara mbili, Machi na tena Agosti kuelekea Septemba.

Hiyo nyekundu inywe na mbuzi choma. Mafuta ya mbuzi yanaulainisha ukakasi, na ukakasi unakata mafuta, kila kipande kinaufanya mdomo utake kingine. Chumvi inasaidia pia. Na pilau ya nyama ya ng'ombe inakwenda vizuri sana, kwa sababu mdalasini na karafuu vinakutana na harufu ileile iliyomo kwenye glasi. Usiweke pilipili nyingi pembeni. Kilevi kinawasha moto juu ya moto, na ukakasi unageuka uchungu. Samaki pia hapana, nyekundu yenye ukakasi inaacha ladha ya chuma mdomoni.

Ukiweza, kainunue hukohuko. Tangu treni ya SGR ianze safari za Dodoma mwaka 2024, mtu wa Dar hana tena kisingizio. Nenda wakati wa mavuno, upite Hombolo, Mpunguzi, Chinangali, uone matoroli ya zabibu na wakulima wanaohesabu kreti. Piga simu kiwandani kabla, maana si kila siku wanapokea wageni. Utakapoonjeshwa, omba uanze na nyeupe, kisha nyekundu nyepesi, mwisho nzito. Na usimeze zote, tema kama watemavyo wanaofanya kazi hiyo, la sivyo chupa ya nne utaisifu bure. Ukirudi, beba chupa zako ndani ya behewa, zimefungwa kwenye kanga. Buti ya basi mchana wa Morogoro ni joto lilelile tulilolikimbia dukani.

Na ukifika huko waulize wakulima kuhusu mchuzi wa zabibu, yaani maji yake yaliyokamuliwa. Mkulima akikosa mnunuzi wa matunda, anakamua na kuhifadhi mchuzi kwenye matangi, akisubiri kiwanda kimkumbuke. Wapo waliosubiri mpaka msimu wa pili ukawakuta na mchuzi wa msimu wa kwanza. Huku mjini rafu zimejaa chupa za nje. Hili linaniuma, na ni sehemu ya sababu ya kuipa Dodoma nafasi ya kwanza.

Ya pili ni Chenin Blanc ya Afrika Kusini, lakini yenye kifuniko cha kuzungusha. Kuna watu bado wanaamini kizibo cha gome ndicho heshima. Kwa pwani yetu, kifuniko cha bati kinaziba hewa vizuri zaidi, hakikauki, hakilegei. Ubaya wake ni mmoja: hakichomozi, kwa hiyo hakikuoneshi kama chupa imepata moto. Hapo utegemee kiganja chako na mahali ilipokaa.

Chenin ndiyo zabibu iliyopandwa kwa wingi kuliko zote Afrika Kusini, wenyewe waliizoea kwa jina la Steen. Ina uchachu, na uchachu ndio unaotakiwa na vyakula vya nazi. Samaki wa kupaka, kamba wa nazi, kuku wa kupaka, vyote vina utamu na mafuta ya tui ambavyo mvinyo laini unazama ndani yake. Chenin inasimama. Mishkaki iliyokamuliwa limau na kachumbari pembeni, vilevile: chakula chenye ndimu kinataka mvinyo wenye uchachu kukizidi, la sivyo mvinyo unakuwa na ladha ya maji. Na walioambiwa na wenyeji wao Dodoma waijaribu na mlenda wanajua ninachosema.

Soma karatasi. Ikiandikwa Swartland, Stellenbosch au Paarl, zabibu zimetoka eneo hilo. Ikiandikwa Western Cape tu, zimekusanywa kokote ndani ya jimbo hilo. Mimi naitafuta ya Swartland, ambako mizabibu mingi ni ya zamani na haimwagiliwi. KWV, iliyoanza mwaka 1918 kama ushirika wa wakulima, nayo haijawahi kuniangusha kwenye Chenin, na inapatikana. Nyeupe za kawaida zisizidi miaka miwili tangu mavuno.

Ya tatu, Pinotage. Ni mtoto wa Pinot Noir na Cinsaut, aliyezalishwa na Abraham Izak Perold mwaka 1925, na ni ya Afrika Kusini hasa. Na ndizi nyama ni nzuri, na nyama choma yenye moshi ni nzuri zaidi. Iliyotengenezwa vibaya inanuka raba na rangi ya kucha, kwa hiyo utaijua mara moja.

Wasomaji wa Nairobi, ninyi baridi yenu ni bahati. Tafuteni Leleshwa, inayolimwa Bonde la Ufa upande wa Naivasha. Kwenu ningeipandisha nafasi ya pili bila kufikiri.

Ya nne ni Dodoma Wine ya TDL (Tanzania Distilleries, wale wa Konyagi), kavu, nyekundu au nyeupe. Haina mambo mengi. Ila ina sifa moja ambayo waandishi wengine hawaitaji: inauzika haraka. Chupa inayoondoka dukani ndani ya wiki mbili haipati muda wa kuiva kwenye rafu, na ndiyo maana mara nyingi itakuridhisha kuliko chupa ya bei mara tatu iliyokaa pale tangu Pasaka iliyopita. Ukiwa kwenye duka la mtaa usilolijua, nunua hii na uendelee na safari yako.

Boksi la lita tatu au tano linafaa kwa shughuli. Tafuta tarehe ya kujazwa, imepigwa muhuri mahali fulani chini au ubavuni. Mfuko wa plastiki ulio ndani unapitisha hewa polepole, kwa hiyo lililopita miezi sita kwa joto letu liache. Dompo na nyingine tamu za bei ndogo ni za kunywa na barafu baada ya chakula. Mezani hazina kazi.

Sasa wauzaji. Sheria ya ushuru wa bidhaa inautoza mvinyo wenye zaidi ya asilimia 75 ya zabibu za ndani kiasi kidogo sana kuliko wa nje. Nafuu hiyo imewekwa ili mkulima wa Chinangali auze. Lakini nenda kwenye baadhi ya maduka makubwa ya Masaki na Mikocheni uone bei ya chupa nzuri ya Dodoma inavyokaribia ya Stellenbosch. Tofauti imebaki kwenye droo ya mwenye duka. Halafu chupa hiyohiyo ya nyumbani imesimamishwa rafu ya juu kabisa, karibu na taa, huku friji zuri la mvinyo likiwekewa za Ufaransa ambazo hazinunuliwi. Nimewaambia mameneja zaidi ya mmoja. Jibu ni kwamba wateja hawaulizi. Basi ulizeni! Mteja anayerudisha chupa yenye kizibo kilichochomoza, mbele ya foleni, anasikika kuliko makala yoyote nitakayoandika.

Mahotelini ni shida nyingine. Unalipa mara tatu ya bei ya duka, halafu nyekundu inaletwa ikiwa na joto la ukumbi, na mhudumu anakueleza kwa adabu kwamba nyekundu haipoozwi. Kanuni ya kuinywa nyekundu kwa joto la chumba ilitoka kwenye nyumba za mawe za Ulaya, ambako chumba kilikuwa na nyuzi 17 au 18. Ukumbi wa hoteli ya ufukweni una 29. Omba ndoo ya barafu na maji, tumbukiza chupa dakika 15 kabla ya nyama kuletwa, na mhudumu akisita mwambie umeagiza wewe na utalipa wewe. Kabla hajaifungua, shika shingo, angalia kizibo, pitisha kidole chini ya karatasi. Ikinata, mrudishie palepale, kwa sababu ikishafunguliwa wengi wao watakwambia ni yako.