Kozi ya nadharia za uuguzi mtandaoni: kwa nesi aliyeko wodini naipa nyota 4

Nimemaliza hii kozi na kwa nesi anayeshika shifti inafaa kabisa, ila ina mapungufu ntayasema. Wengi wetu hizi nadharia za magwiji wa uuguzi tulizikariri tupite mtihani basi, Nightingale hewa safi na mwanga, Henderson mahitaji 14 ya mgonjwa, Orem mgonjwa kujihudumia mwenyewe, halafu ukiingia kazini ni dripu, presha na dawa, hakuna anayekuuliza tena habari za Orem.

Na hapo kwa Orem ndo wameniweza. Wamechukua mgonjwa wa stroku, mkono mmoja umepooza, nesi anamuogesha kila kitu na kumlisha fastafasta kazi iishe, na kweli mgonjwa anatakata. Halafu wanakuuliza, huyu angeweza nini mwenyewe? Maana Orem alisema kuna wakati nesi unafanya yote, kuna wakati mnagawana, na kuna wakati kazi yako ni kufundisha na kumtia moyo tu. Sasa huyu mkono mmoja bado ni mzima, mpe kitambaa afute uso hata kama atachelewa, kisha uandike kwenye faili uso na kifua ameweza, mgongo amesaidiwa, ili wa shifti inayofuata aendelee hapo hapo. Vivyo hivyo mgonjwa wa kisukari anayeanza insulini, kumchoma wewe kila siku ni rahisi mnoo, ila siku ya kuruhusiwa ndo mnagundua hajui hata kuvuta dozi na nyumbani nesi hayupo. Hii sehemu nimeirudia na ningeirudia tena.

Henderson nae wamemtumia vizuri, wameweka yale mahitaji 14 pembeni ya ripoti ya kupokezana shifti, unaona wazi tunaandika kupumua, kula, choo, basi, wakati yeye aliweka hadi usingizi, ibada, kucheza na kujifunza. Mgonjwa hajalala usiku kucha na hakuna aliyeandika! Peplau, na nadharia yake ya 1952 ya uhusiano wa nesi na mgonjwa, kapewa dakika chache ila zimetosha, mnaanza kama watu msiojuana kwahiyo jitambulishe na useme unataka kufanya nini kabla hujamgusa.

Kilichoniudhi ni Watson, yule wa nadharia ya kujali, wamesoma vipengele vyake 10 kama orodha tu bila mgonjwa hata mmoja, na yeye ndo anazungumzia kuwepo kwa moyo wote kwa mtu anayeumwa, ilitakiwa tuoneshwe. Pia maswali ya mwisho yanauliza miaka na majina badala ya kukupa mgonjwa uamue. Na wodi ikijaa nesi uko peke yako, nani apewe ule muda wa kujifuta uso? Hilo hawajaligusa kabisa na ndo maisha yetu ya kila siku, natamani waliongeze.

Video ni nyepesi, zinafunguka hata kwa simu. Kama muda wako mdogo anza na Orem na Henderson.